Mafundo Saba na Kitambaa Chekundu

Barua zenu nimezisoma zote. Bwana mmoja wa Thika anasema mimi ni mwongo. Mwingine wa Voi anasema mimi ni msaliti. Wa Thika namsamehe. Huyo wa Voi avute kiti, maana leo ni zamu yake ya kufurahi.

Kwa aliyenikuta njiani: jina langu Guleid. Mwaka wa 1965 nilikuwa msimamizi wa wageni katika hoteli ya starehe iliyojengwa kwenye kisiwa katikati ya Mto Tana, chini kidogo ya mji wa Garissa. Ng'ambo zote mbili kulikuwa na vita. Wenzetu waliotaka mkoa wetu ujitenge na kuungana na Somalia walikuwa porini na bunduki, serikali ikiwaita shifta. Sisi tuliobaki mjini tuliitwa shifta ambao bado hawajakamatwa.

Kisiwani, lakini, kulikuwa na barafu. Kulikuwa na mabafu ya kulala ndani, vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi, na wageni wenye vibali kutoka Nairobi waliokuja kusikiliza milio ya risasi kwa mbali huku wakinywa wiski. Wakisikia miwili mitatu, walirudi kwao wakasema wameona vita. Mimi ndiye niliyewapangia viti vielekee upande wa milio.

Wiki iliyopita niliishia Alhamisi asubuhi. Kabla ya adhana ya alfajiri niliwanywesha wageni saba chai ya maziwa ya ngamia, nikawashusha kwenye kivuko cha kamba, nikawapungia mkono mpaka wakafika ng'ambo. Saa mbili baadaye gari lao likamiminiwa risasi kwenye barabara ya Nairobi. Dereva wetu Huka akafa. Askari wawili wa kuwasindikiza wakafa. Wageni wote saba wakapona.

Adhuhuri wageni hao walirudishwa kisiwani kwa kivuko kilekile, na Huka akiwa miguuni pao, amefunikwa turubai.

Aliyetangulia kushuka alikuwa Mheshimiwa fulani wa wizara ambayo mhariri amenikataza kuitaja. Alikuwa na mkwaruzo sikioni, kama wa mtu aliyejikata akinyolewa. Aliivuka ile maiti kama anavyovuka mtu dimbwi la maji, akaja mpaka mezani kwangu, akaniambia begi lake limebaki kwenye gari na ndani yake mna viatu vya ngozi ya mamba. Akataka kujua hoteli itafanya nini juu ya hilo.

Nikamwambia pole sana Mheshimiwa, hoteli inasikitika. Hayo ndiyo niliyofundishwa Mombasa, miaka minne, na mwalimu mwenye rula. Mgeni akilalamika, sikitika. Huka alikuwa ameacha mke, Qabale, na watoto watatu upande wa Wajir, na mimi nilikuwa nasikitikia viatu.

Kisha akataka maji ya moto, supu, na chumba kisichoelekea ng'ambo. Nikampa vyote. Jioni alikwisha kuanza kuwasimulia wenzake jinsi alivyojirusha nje ya gari, na kila aliposimulia aliruka mbali zaidi.

Basi tuingie Ijumaa.

Saa tatu asubuhi Inspekta wa polisi alivuka na askari wanne. Alikuwa mtu wa maneno machache, mfupi, na kofia yake haikuwa na vumbi, jambo ambalo kwetu ni miujiza. Hakunisalimu. Alitoa kitu mfukoni akakiweka juu ya daftari la wageni.

Ilikuwa kamba ya mkonge, urefu wa mkono, yenye mafundo saba, na mwishoni kitambaa chekundu. Ilikuwa na doa jeusi la damu katikati.

"Unaijua?" akaniuliza.

Naam, niliijua.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja, na ninyi wenye haraka mvumilie. Maziwa yetu yalitoka ng'ambo. Kila alfajiri mwuza maziwa aliyaacha kwenye kivuko, na kila alasiri vibuyu vitupu vilirudi huko. Mwuza maziwa hajui kusoma, na mimi na yeye tulionana kwa nadra. Kwa hiyo nilitunga dawa yangu mwenyewe. Alasiri, kwenye mpini wa kibuyu, nilifunga kamba. Fundo moja ni mgeni mmoja atakayekunywa chai ya maziwa kesho. Nikifunga kitambaa chekundu, maana yake maziwa yafike kabla ya alfajiri, kwa kuwa wageni wanasafiri.

Mnaona wenyewe. Nilikuwa natangaza kila siku, ng'ambo ya mto, ni wageni wangapi wanaondoka na saa ngapi. Vita vimeshika kila kijiji, na mimi, kwa ajili ya chai, nawaarifu watu. Na nilijiona mwerevu. Nilijisifu hata kwa mke wangu.

Nikamjibu Inspekta kwamba ni kamba tu, huenda ni ya dobi, hufungia taulo.

Inspekta akasema imetoka kwenye mfuko wa shati la shifta mmoja aliyeuawa pale penye gari. Akaniuliza kama shifta huyo naye alikuwa akifua taulo.

Pengine ningeupata uongo mwingine. Nilikuwa hodari wa uongo, ndiyo kazi ya msimamizi wa wageni. Lakini wakati huohuo mwenye hoteli akatokea barazani na kikombe chake. Mzungu huyo tulimwita Dheere, yaani mrefu, kwa sababu urefu ndio kitu pekee alichokuwa nacho kwa wingi. Akaitazama kamba, uso ukamng'aa.

"Hapana ya dobi," akasema. "Hii kamba ya masiwa. Guleid nafanya mwenyewe. Iko kwa kitabu."

Akakimbia, naam alikimbia, akaleta kile kijitabu cha picha walichokuwa wanawapelekea wageni Ulaya. Ukurasa wa nne kulikuwa na picha ya mkono wangu ukifunga fundo, na maneno chini yake yakisema kwamba hii ni mila ya kale ya wafugaji wa jangwani. Mila ya kale. Niliitunga mwaka uliotangulia, siku ya Jumanne, nikiwa nimekaa kwenye kreti la soda.

Inspekta akasoma ukurasa wote bila haraka. Dheere akasimama pembeni akitabasamu, akingoja kusifiwa. Mpaka leo sidhani kama alielewa alichofanya. Kuna watu hawahitaji ubaya ili wakuue, ujinga wao unatosha.

"Umetunga wewe, umefunga wewe, umetuma wewe," Inspekta akaniambia. "Nani mwingine anajua kuisoma?"

Nikasema mwuza maziwa. Akataka jina. Nikasema ni wanawake wengi, hubadilishana, leo huyu kesho yule, majina siyajui.

Hakugombana nami. Aliniambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chumba kwamba askari wawili wamekufa na mtu mmoja lazima ajibu. Akimpata mwingine atamchukua huyo mwingine. Asipompata, mimi natosha. Kisha akaketi kwenye meza ya dirishani, akaomba mayai mawili, mkate na chai.

"Nikimaliza kula nitakuuliza tena," akasema.

Na nani wa kumwandikia agizo? Mimi. Nani wa kumwekea kisu na uma? Mimi. Nilisimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni kama nilivyofundishwa, nikamtazama mtu akila muda wangu wa kuishi.

Nilijaribu kuurefusha mlo. Nilimwongezea chai kabla kikombe hakijaisha. Nilimletea asali ambayo hakuiomba. Nikamsifia mapapai ya bustani, akakubali kipande, nikamkata vitatu. Mpishi alinitazama akadhani nimerukwa na akili. Nilikuwa nangoja nini? Sijui. Labda nilitaka mto ufurike.

Jina nililokuwa nalificha ni Rahmo. Rahmo ni mdogo wa mama yangu. Mama alipokufa nilikuwa na miaka mitano, na huyo ndiye aliyenichukua, akanilea kwa maziwa yaleyale. Kwetu mama mdogo huitwa habaryar, na yeye naye humwita mtoto wa dada yake habaryar, jina ni moja pande zote mbili. Nilipokwenda Mombasa kusomea uboi wangu wa koti jeupe, yeye aliuza ngamia jike nipate nauli. Mimi nikarudi na tai, nikampa kazi ya kuleta maziwa kwa mlango wa nyuma.

Sasa sikilizeni hesabu niliyopiga nikiwa nyuma ya kile kiti. Nilijiambia Rahmo ni mwanamke, hawatamnyonga. Nilijiambia ni mzee, watamhoji siku mbili wamwachie. Nilijiambia huenda kweli aliitoa kamba, nani ajuaye, watoto wa watu wote wako porini. Na zaidi ya yote nilijiambia nina mke nyumbani mjini, Amino, mimba yake ya miezi saba, ni mtoto wetu wa kwanza. Nikinyongwa mimi, nani atamlea? Ndivyo nilivyojipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Inspekta alikuwa bado ana yai zima kwenye sahani. Sikungoja amalize. Hakuuliza hata mara ya pili.

"Anaitwa Rahmo," nikasema. "Boma lake liko nyuma ya mnada wa mbuzi."

Wa Voi, hapo umefurahi? Chukua kalamu uandike kwa herufi kubwa. Mimi nimekwisha kujiandikia zamani.

Inspekta akaashiria kwa kidole, askari wawili wakatoka. Yeye akaendelea na yai lake. Akasema mayai yamepikwa vizuri, na mimi, Mungu anione, nikasema asante.

Kivuko kilirudi kabla ya saa sita. Nilimwona tangu mbali, amesimama katikati ya askari wawili, mtandio wake wa buluu umefungwa vizuri. Alikuwa amepata hata nafasi ya kuoga. Mheshimiwa wa viatu vya mamba alikuwa barazani na bilauri yake. Akauliza kama huyo ndiye shifta mwenyewe, na kama inaruhusiwa kumpiga picha.

Dheere akanong'ona nimwekee mwanamke huyo mkeka, asikalie viti vya wageni, vitambaa vimetoka kufuliwa. Nikaweka mkeka. Rahmo akausogeza kwa mguu, akasimama.

Inspekta akaniambia nitafsiri. Rahmo alijua Kiswahili cha sokoni tu, cha kuhesabu vikombe. Askari mmoja kati ya wale waliomleta alibaki, amesimama kando yake, kijana mrefu mwenye kovu kidevuni. Mwingine alitoka nje.

"Muulize kama anaijua kamba hii."

Nikamuuliza kwa Kisomali. Rahmo hakuitazama kamba. Alinitazama mimi, tai yangu, koti langu, tena akarudi usoni.

"Habaryar," akasema, "hawa wameniambia wewe ndiye uliyenitaja. Nikawaambia wanasema uongo."

Inspekta akauliza amesema nini. Nikasema anaapa kwa Mungu kwamba atasema kweli. Ni tafsiri mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya, na kwa kazi ile nilifanya nyingi mbaya.

Rahmo alikuwa amekwisha kunisoma. Hakulia, hakunilaani. Nilitamani anilaani. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa mbuzi wake mmoja amepotea, akaanza kuzungumza polepole, ili nisipoteze neno.

Alisema kamba hiyo anaijua ni yangu, lakini haikufika mkononi mwake. Jumatano alasiri hakwenda kwenye kivuko. Alikuwa kwenye mazishi ya jirani yake, mama yake Keynan, na mji mzima ulimwona hapo. Vibuyu vilipokelewa na mtu mwingine. Jioni mtu huyo alimletea vibuyu nyumbani, bila kamba, akamwambia kwa mdomo tu kwamba kesho ni saba na mapema.

Moyo wangu ulipanda juu kwa furaha. Niliona mlango umefunguka. Habaryar yuko huru, mimi niko huru, kuna mtu wa tatu, acha wamtafute.

"Nani?" nikamuuliza haraka. "Nani alipokea vibuyu? Mtaje."

Nikamhimiza. Nilimhimiza mara mbili, mjinga mimi, nikamwambia asimwogope mtu.

"Amino," akasema. "Aliniambia wewe ndiye uliyemtuma."

Sikumtuma. Siku hiyo Amino aliniambia mgongo unamuuma, atalala mchana kutwa. Na Amino ana kaka, Abdow, ambaye tangu Ramadhani nyumbani kwangu inasemwa amepeleka ng'ombe Buna, huko kaskazini. Mimi sikuwahi kuuliza kwa nini mtu apeleke ng'ombe Buna kwenye vita, wala kwa nini mke wangu anapenda kunisikiliza nikijisifu jinsi ninavyofunga mafundo. Nilidhani ananipenda kwa akili zangu.

Wageni mia nilijua wanataka chai ya rangi gani. Mtu ninayelala naye kitanda kimoja sikumjua hata kidogo.

"Anasema nini?" Inspekta akauliza. Alikuwa amekwisha kufungua kalamu.

Rahmo akanisogelea hatua moja, na sauti yake ikawa ileile aliyokuwa akinibembelezea nilipokuwa na homa.

"Hilo la Amino usilitafsiri," akasema. "Sikiliza, habaryar. Mwambie kamba niliichukua mimi, nikawapa mimi. Amino ana mtoto tumboni. Mimi nimekwisha kulea."

Nikamwambia wataninyonga... sikumaliza. Nilitaka kusema watakunyonga, ulimi ukateleza ukanitaja mimi, kwa mazoea ya kujifikiria. Alinielewa hata hivyo.

"Najua," akasema. "Tafsiri."

Ndugu zangu, mtu akiwa duni huwa hana mwisho wa uduni wake. Asubuhi nilimuuza bila yeye kujua. Sasa alikuwa anajiuza mwenyewe kwa ajili yangu, na kazi iliyobaki kwangu ilikuwa kufungua kinywa. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema ni mimi, nimeituma mimi, mwisho wa maneno. Niliifikiria njia hiyo. Niliifikiria kwa muda wa kumeza mate.

Kisha nikanyoosha koti langu, nikamgeukia Inspekta, na kwa Kiswahili safi cha Mombasa nikasema, "Anakiri. Anasema kamba aliichukua yeye na aliwapa yeye. Anasema hakuna mwingine."

Inspekta akaandika. Aliandika kirefu, akapiga mstari chini yake. Rahmo alinong'ona alhamdulillahi, akakaa kwenye ule mkeka, kwa mara ya kwanza akionekana amechoka. Dheere aliuliza kama sasa wageni wanaweza kuletewa chakula cha mchana.

Inspekta akafunga kalamu. Lakini hakumtazama Rahmo wala mimi. Alimtazama yule askari mwenye kovu kidevuni.

"Haya, Gababo," akamwambia. "Ametafsiri sawasawa?"

Askari huyo nilikuwa sijamtilia maanani. Katika kazi yangu mtu aliyesimama tunamchukulia kama pazia. Alivua kofia kwa heshima, akachutama mbele ya mama yangu mdogo, akazungumza naye kwa Kisomali kisicho na kasoro, laini, cha watu wa upande wa Buna.

"Mama," akasema, "huyo Amino mwenye mtoto tumboni anakaa nyumba gani?"

Rahmo hakumjibu. Alinigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa na miaka mitano, hakuniita habaryar.

"Guleid," akasema, "wewe si ndiye wa kutaja majina? Mtaje."